Mwaka Shangazi Alipoacha Chumvi

Kine amenenepa. Ndilo jambo la kwanza nililoliona leo asubuhi alipotokea mwisho wa korido ya lopitali, kitambi kimetangulia, yeye anafuata, nami nikamwambia kabla hata ya salamu: "Papa Kine, umekula nani huko?" Akacheka mpaka mlinzi akageuka kututazama. Kazi yake ni mazoezi ya viungo. Waliovunjika miguu na wazee waliopooza upande mmoja, wote humpitia yeye, na hapa Kindu kila mtu humwita kwa jina la Kifaransa la kazi yake, Kine, utadhani mama yake alimzaa na diploma mkononi. Walikuwa wamemhamishia Kibombo, tukakaa muda mrefu bila kumwona. Leo amerudi kwa sababu ileile iliyotuleta sisi: mashine ya kutazama moyo imefika, imepanda mto kwa boti, na Shangazi yangu ni miongoni mwa watu wa kwanza kuitwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi kati yetu, mkoba juu ya mapaja, kilemba kipya. Leo angejua kama moyo wake, uliochoshwa na dawa za kansa, ulikuwa umepata nguvu au ulikuwa unatudanganya tu. Mimi niko darasa la mwisho, nina mtihani mbele yangu, na mpaka sasa walimu hunitoa nje kwa ajili ya mdomo wangu. Pale kwenye benchi mdomo huo ulikosa kazi kabisa. Nikabaki kukumbuka.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Shangazi alirudi kutoka matibabu ya mbali bila titi la kushoto, bila nywele, na bila kansa. Ndivyo madaktari wa huko walivyosema, kansa imekwisha, na nyumba yetu ya mtaa wa Mikelenge ikachinja kuku. Lakini mtu aliyeshuka kwenye moto, yaani pikipiki, mbele ya baraza hakuwa mtu wa kula kuku. Alianza kupanda vile vingazi vya baraza, ambavyo hata bata wetu huvipanda bila kufikiri, akasimama katikati, mkono kifuani, akitafuta hewa kama mtu aliyetoka chini ya maji. Tulimpa chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo linalotazama uwanja na ua wa matete. Hakuweza kulala chali. Akilala hivyo alikabwa, kwa hiyo tulimjengea mlima wa mito na magunia ya nguo akawa analala amekaa, kama abiria. Miguu ilivimba jioni, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Mimi nilibonyeza, bila shaka. Nilibonyeza mara nyingi, nikamwambia, "Shangazi, umekuwa mkate," akanitazama kwa yale macho yake makubwa yasiyo na nyusi, akasema, "Na wewe ni inzi." Nikajua hajafa.

Wageni walikuja na sauti ya matanga. Waliketi barazani, wakashusha mabega, wakamwambia pole kana kwamba ndiye aliyefiwa na yeye mwenyewe. Kupitia dirisha dogo nilisikia yote, na Shangazi alisikia pia, kwa sababu watu wa kwetu wakitaka kunong'ona hutumia sauti ya kuita kuku. "Kansa iliisha," alisema Mama Feza, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, "lakini sasa yeye mwenyewe njo anaisha." Njo ni ndiye ya kwetu. Mwingine akajibu, "Muntu wa moyo anapashwa kupumuzika. Asiinuke ata kidogo." Wote wakakubaliana. Hata mama yangu alikubali. Ikawa sheria ya nyumba: Shangazi asiinuke. Maji aletewe, chakula aletewe, beseni aletewe. Mwanamke huyu zamani alikuwa anavuka mto kwenda Alunguli kulima mpunga, anarudi na kikapu kichwani huku anagombana na mwenye pirogi toka ng'ambo mpaka ng'ambo. Sasa alikaa juu ya mlima wake wa magunia akihesabiwa pumzi na watu waliokuja na ndizi.

Aliyevunja sheria ile ni Kine. Daktari wa lopitali alikuwa ameeleza vizuri: zile dawa kali zilizofukuza kansa zilichosha pia msuli wa moyo, sasa hausukumi damu inavyotakiwa. Akampa vidonge vya kumeza kila siku. Akamkataza chumvi, kwa sababu chumvi inashika maji mwilini na moyo uliochoka hauwezi kubeba mzigo huo. Akamwambia alinde mkono wa kushoto, upande aliopasuliwa, usivutwe, usidungwe sindano, usibebe kitu. Halafu, ili kujua kwa hakika moyo umefikia wapi, ilitakiwa mashine ya kuutazama. Mashine iliyokuwa karibu ilikuwa upande wa mashariki, na mwaka ule upande wa mashariki ulikuwa vita. Barabara za huko zilifungwa. Kila asubuhi redio ilitaja mahali pengine, na katika shule yetu wakimbizi walilala madarasani, sisi tukawa tunasoma alasiri tu. Basi tulikuwa na moyo tusioweza kuuona. Daktari akasema, "Tutaufuata kwa mwili wenyewe," akamwita Kine.

Alifika kwa kinga, baiskeli yake isiyo na breki, akaisimamisha kwa kuigonga kwenye mpapai wetu. Akaingia chumbani, akamsalimu Shangazi kwa heshima zote, kisha akasema, "Mama, kesho utasimama inje na mimi." Mama yangu karibu aangushe sufuria. "Kusimama? Na ule moyo?" Kine akasema moyo ni msuli, msuli ukilala unazidi kulala, hatamkimbiza mtu, atamfundisha kwenda polepole, mwili na pumzi na akili vitembee pamoja. Alikuwa amejifunza hivyo kwa mwalimu mmoja huko alikosomea, mambo yaliyotoka mbali, kwa Wachina, na wagonjwa waliotoka kwenye kansa walikuwa wanasaidiwa nayo. "Siyo dawa ya kuacha vidonge," akasema. "Ni ndugu ya vidonge. Na anahitaji mwenzake wa kufanya naye kila siku, mimi sitafika kila siku." Akatazama chumba kizima. Watu wote wakanitazama mimi, niliyekuwa nakula ndizi za mgonjwa.

Hivyo ndivyo asubuhi zangu zilivyouzwa. Kabla jua halijawa kali, mimi na Shangazi tulisimama nyuma ya nyumba, miguu imeachana kidogo, magoti yamelegea, tukitazama ua wa matete. Kine alikuwa amezipa zile harakati majina ya kwetu ili tusisahau. Kulikuwa na kupepeta mpunga, mikono inapanda na pumzi, inashuka na pumzi. Kulikuwa na kusukuma pirogi, uzito unahama mguu hadi mguu. Kulikuwa na kukaribisha mgeni, mikono inafunguka kifuani, taratibu, kwa sababu ya kovu. Unavuta hewa puani, unaitoa mdomoni kama unapoza uji. Mimi niliyabadilisha majina yote. Kusukuma pirogi kukawa kukamata kuku wa jirani bila kelele. Kukaribisha mgeni nikakuita kumfukuza padri kwa adabu. Shangazi alicheka, kicheko kikamkata pumzi, akakaa kwenye kigoda akiwa wa kijivu usoni. Nikaogopa, nikampepea kwa mikono yote miwili, haraka, kinyume cha mafunzo yote. Kine alipokuja nikadhani atanipiga. Akamuuliza Shangazi, "Wakati unacheka, uliweza kusema?" Akasema, "Niliweza kumutukana." Kine akaitika kwa kichwa: "Basi iko muzuri. Ukiweza kusema na muntu, endelea. Ukishindwa kusema, kaa. Ile njo mashine yetu kwa sasa."

Nilichogundua, na kiliniudhi, ni kwamba polepole ni kazi. Mimi ni mtu wa kuruka. Kwenye mpira wa wasichana naogopwa. Lakini kushusha mkono kutoka begani hadi kiunoni kwa pumzi moja nzima, bila kuuangusha, bila kujikuna, bila kutazama nani anapita, kulinishinda. Nilitetemeka. Nilitokwa na jasho la mtu anayejenga nyumba. Na Shangazi, ambaye hakuweza kupanda vingazi, alishuka kama maji yanayopwa, mkono mmoja juu kuliko mwingine kwa sababu wa kushoto uligoma mapema, macho yametulia. "Akili iwe mikononi," alikuwa akisema Kine. Shangazi alinong'ona pembeni ya mdomo, "Akili yangu iko jikoni, ile sombe inaungua." Ilikuwa kweli, ilikuwa inaungua.

Na ile sombe, niiseme hapa. Majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakapikwa na mawese na samaki mkavu, ni kitu ambacho kwa ajili yake naweza kuacha urithi wangu. Bila chumvi ni majani tu. Mama alipika kisufuria kidogo cha Shangazi pembeni, akaweka ndimu, pilipili, kitunguu, samaki akilowekwa na kumwagwa maji mpaka akasahau alikuwa wa baharini au wa mtoni, na bado ilikuwa majani. Shangazi alikaa nacho barazani, akakila chote, tonge baada ya tonge, bila kukunja uso. Siku moja nikamuuliza anawezaje. Akasema katika vita vya zamani vya hapa kwetu, wakati yeye ni msichana kama mimi, treni zilikoma, mto ukafungwa, na chumvi ikapotea Kindu nzima. Watu walikimbilia porini, wakachoma majani ya majini wakachuja majivu yake ili wapate kitu kinachokumbusha chumvi tu. "Ile wakati nilizoea," akasema. "Ila ile wakati tulikuwa wengi kwenye sahani." Kisha akanitajia kaka yake mkubwa, ambaye mimi namjua kwa picha moja iliyoliwa na unyevu. Alikwenda na vijana wenzake, wamerashiwa maji ya dawa ya kuzuia risasi, wakiimba, na mama yao aliwapikia bila chumvi siku tatu kwa sababu lilikuwa sharti. "Walikula muzuri," akasema Shangazi. Kaka yake hakurudi. Shangazi aliosha sahani yake mwenyewe siku ile, mara ya kwanza tangu arudi, nami nikajifanya sioni.

Kwa wasio wa huku, nieleze kidogo, la sivyo yaliyofuata yataonekana wazimu. Kwetu kila mtoto anajua masharti ya vijana wanaopewa dawa ya vita. Hawashikani mikono na mtu. Hawaguswi ovyo. Kuna vyakula hawali, kwa wengine hata chumvi. Wana mambo yao ya alfajiri, ya maji na pumzi na maneno. Na mtu anayetengeneza dawa hiyo huitwa docta, bila hospitali yoyote. Sasa jiweke nyuma ya ua wetu wa matete, wewe ni Mama Feza, umeamka kwenda kutafuta kuku wako. Unamwona mwanamke aliyeponyoka kwenye ugonjwa ambao hakuna mtu unayemjua aliponyoka. Hali chumvi. Mtu akitaka kumshika mkono wa kushoto anaruka kando na kusema, "Usiniguse huku!" Kila alfajiri anasimama nje anatazama mashariki, kwenye vita, anapandisha mikono polepole na kupuliza hewa. Na mwanaume fulani wa lopitali anakuja kwa kinga, watoto wa mtaa wanamwita docta kila anapopita. Ungesemaje? Mama Feza alisema hivyohivyo, kwamba Shangazi ana dawa ya vita, kwa sauti ya kuita kuku, na mtaa mzima ukapata kusikia.

Ndipo wakaja, asubuhi ya siku isiyo na shule, vijana wa mtaa, kikundi kilichokuwa kinajiandaa kwenda kule kwenye mapigano kwa ajili ya kulinda nchi, kama walivyosema. Sikuwaogopa kwa sababu niliwajua wote wakiwa na kamasi. Aliyewaongoza ni Bonane, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa kwenye darasa la kaka yangu, maarufu kwa kulala akiwa amesimama. Sasa alikuwa amefunga kitambaa chekundu kichwani. Hawakutusalimu kwa mkono. Waliketi chini kwenye uwanja, kwa adabu kubwa mno, na mbele yao wakaweka bidoni ya maji, lile dumu la njano, limeoshwa vizuri. Mama Feza alisimama nyuma yao kama aliyewaleta kwa posa.

"Mama," Bonane akaanza, akitazama ardhi, "tumesikia habari yako. Tumeona pia. Tunaomba uturashie na ile maji, juu risasi ikuwe maji. Kisha uturuhusu twende."

Mimi nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka kama chafya. Halafu nikamwona Shangazi. Alikuwa amesimama katikati ya kupepeta mpunga, mikono bado hewani, na mshipa wa shingo unaruka. Ndipo nikaelewa kwa nini si jambo la kucheka. Daktari alikuwa ametuambia hofu na hasira ni mzigo mzito kwake kuliko kikapu cha mpunga. Nikamwona tena kwenye vile vingazi, akitafuta hewa. Nikasema, "Shangazi, kaa." Hakukaa. Alishusha mikono kama alivyofundishwa, mpaka mwisho, akapoza uji wake, akapandisha tena, akashusha. Vijana wakangoja. Nadhani walifikiri dawa imeshaanza.

"Simameni," akawaambia.

Wakasimama wote. Akawapanga mstari. Akawafundisha kupepeta mpunga, yeye mbele, sauti yake ya chini, na wale mashujaa wa taifa wakapepeta. Ilikuwa aibu tupu. Hakuna aliyeweza kwenda polepole. Mikono ilianguka, mmoja alipoteza mguu akamwegemea mwenzake, na Bonane, ambaye angebeba mtu mzima mgongoni mpaka Kailo, alianza kuhema kabla ya kufika nusu. "Unaharakisha wapi?" Shangazi akamuuliza. "Sijui, mama," akasema, na kwa sauti ile nikamwona tena yule aliyelala amesimama darasani.

Hapo ndipo Kine akaingia na kinga yake, akagonga mpapai, akaona vitambaa vyekundu, akaganda na tandiko katikati ya miguu. Hakuna aliyemjali. Shangazi alikuwa amelegeza kitenge begani. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo mbele ya watu; hata mimi nilikuwa nageuza uso akioga. Akakishusha upande wa kushoto mpaka kovu likaonekana lote, refu, linang'aa, limevuta ngozi kama mshono wa gunia, mahali ambapo palikuwa na titi.

"Tazameni," akasema. "Mulisikia kitu haiingie mwilini yangu. Tazameni sasa. Kisu iliingia hapa. Sindano ziliingia. Ile dawa iliingia mpaka kwa moyo, ikauchokesha, njo maana sikule chumvi. Mimi sikuzuia kitu. Kila kitu iliingia."

Kuku wa Mama Feza alipita katikati yetu bila kujua heshima.

"Sasa ulipona namna gani?" akauliza mdogo wao mmoja, kwa nyuma.

"Nilipona juu nilienda kwa wenye kutunza, na nilirudi nyumbani. Kaka yangu walimurashia. Aliimba muzuri sana akienda." Akapandisha kitenge, akakifunga vizuri, na ndipo sauti yake ilipobadilika. "Kama munataka kwenda, mutaenda, mimi siko mama wenu. Lakini na maji yangu, hapana. Ile maji muitumie kupika."

Mama Feza ndiye aliyelia kwanza. Kwa sauti ileile, kwa hiyo mtaa ukapata kusikia hilo pia. Vijana wakabeba bidoni yao. Nisitie chumvi kwenye habari hii kuliko sombe yetu: wengine walikwenda. Hatujapata habari zao zote. Bonane alibaki, na mpaka leo anasema ni kwa ajili ya maneno ya Shangazi, ingawa mtaa wote unajua mama yake alimfungia nyumbani wiki nzima na kukalia mlango. Nadhani vyote viwili vilihitajika.

Walipotoka, Shangazi akakaa kwenye kigoda na mimi nikawa wa kijivu kwa niaba yake. Nikapiga magoti mbele yake nikasema, "Umeongea sana, Shangazi, umekasirika, moyo wako..." Kine akaweka vidole kwenye mkono wake wa kulia, akatazama saa, midomo yake ikisogea. Nilimtazama usoni kama natazama ubao wa matokeo. Akarudia tena. Kisha akasema polepole, kana kwamba anaogopa kulivunja neno lenyewe: "Ulihutubia, mama. Umesimama, umehutubia, na hukukatika pumzi." Shangazi alifikiri kidogo. "Ata mimi nimeshangaa," akasema. Halafu akaomba chai, akaniomba nimshikie kikombe, kwa sababu hofu iliyokuwa imesubiri zamu yake kwa adabu ilikuwa imefika.

Sitasema kila kitu kikawa rahisi. Kulikuwa na wiki mbaya, miguu ikavimba tena wakati vidonge vilipokosekana kwa sababu ya barabara, tukarudi kwenye mlima wa magunia, nami nikafanya mazoezi peke yangu uani ili aone kupitia dirisha kwamba nafasi yake ipo. Alipiga kelele kutoka ndani, "Unashusha mukono kama unatupa takataka!" Vidonge vikafika. Akatoka tena. Mama Feza akajiunga, kwanza kwa ajili ya kupata habari karibu zaidi, kisha kwa ajili ya mgongo wake, na alipokuja yeye walikuja na wengine, mpaka tukavunja sehemu ya ua wa matete kwa sababu ilikuwa ujinga kuendelea kuchunguliana. Siku niliyojua kwamba anapona ni siku isiyo na sherehe. Nilikuwa nimelala, nikasikia kinu. Mtu anatwanga sombe, kwa mkono mmoja, mchi mwepesi wa watoto, taratibu, na juu ya kile kishindo mtu anaimba. Nilidhani ni mama. Nikachungulia. Alikuwa Shangazi, kilemba kimelegea, anaimba ubeti mzima bila kuukata katikati. Kine alikuwa ametuambia ukiweza kusema, endelea. Hakuwa ametuambia lolote juu ya kuimba. Nikarudi kulala kwa sababu sikutaka anione nikiwa na uso ule.

Lakini kuimba si ushahidi, daktari alisema, na alikuwa na haki. Ndiyo maana leo tulikaa kwenye lile benchi. Walipoita jina lake, alinishika mkono akanivuta tuingie pamoja, na Kine akafuata bila kuombwa. Chumba kilikuwa kidogo, pazia limeshushwa, feni inazunguka kama imelazimishwa. Docta mwanamke, kijana, ambaye sijui kwa nini nilitarajia awe mzee, alimlaza Shangazi kwa upande wa kushoto, taratibu, akauliza kama mkono unauma. Akampaka kitu baridi kifuani, pembeni ya kovu. "Yoo," Shangazi akasema, "ile baridi yako, docta." Docta alitazama kioo, akabonyeza, akapima, akachukua karatasi ya zamani, ile ya kipimo cha moyo ya huko mbali alikotibiwa, akailinganisha. Kine alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa na mizaha kama saba kichwani na hakuna hata mmoja uliotaka kutoka.

"Mama," docta akasema mwishowe, "zamani moyo ilikuwa imechoka sana. Sasa inasukuma muzuri kuliko pale. Si moyo wa msichana, vidonge utaendelea, na ile mazoezi usiache. Lakini imepanda. Imepanda kabisa."

Kine akafungua macho, akageukia ukuta, akaanza kusoma kwa makini sana tangazo la chanjo ya watoto. Shangazi, bado amelala hivyohivyo, akauliza kwa sauti ndogo, "Naweza kuuona?" Docta akageuza kile kioo kuelekea kwake. Picha ilikuwa ya kijivu, kama mvua usiku, na katikati ya mvua ile kitu kilikuwa kinafunguka na kujifunga, kinafunguka na kujifunga, bila kumtazama mtu.

"Njo huyu?"

"Njo huyu, mama."

"Iko peke yake mule?"

"Peke yake. Na haipumuzike ata kidogo."

Shangazi akausogeza uso wake karibu na kioo, kama mtu anayemtambua ndugu kwenye umati, akaitazama ile kazi kwa muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa, kwa heshima anayowapa watu wazima tu.

"Pole na kazi," akauambia.

Nikaangua kicheko, Kine naye, na yeye mwenyewe akacheka, kicheko kirefu cha tumbo zima, pumzi haikukatika, mpaka docta akaomba, "Mama, tafazali, picha inatikisika."